Mfuko wa Papa na Fungu la Butoyi

Wiki iliyopita nilikuwa nikitafuta cheti changu cha kuzaliwa. Nikafungua kopo la maziwa ya unga ambalo mama alinipa nilipoolewa, na harufu ikanifikia kabla mkono haujaingia ndani. Sisi wa Rumonge, mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, harufu zetu tunazijua. Kuna ndagala, ndio dagaa, wanaokauka mchangani, kuna mawese yanayochemka, kuna moshi wa kuni mbichi asubuhi. Chumvi haimo, kwa sababu ziwa letu ukishikwa na kiu unainama unakunywa. Harufu ya kopo lile ilikuwa ya chumvi, ya ngozi kuukuu, na ya kitu kilichowahi kuwa hai. Mimi mtu mzima, mkunga niliyezoea kuona mengi, nikakaa sakafuni nikiwa nimeshika kopo kwa mikono miwili.

Kinachonuka ni mfuko wa yai la papa. Una urefu wa kiganja changu, rangi ya kahawa iliyoungua, mgumu kama kwato ukiwa mkavu, na pembeni una vishungi vya nyuzi mfano wa katani iliyochambuliwa. Upande mmoja umeachana, mwanya wa kupitisha vidole viwili. Ukiuokota njiani hutajua kama ni mnyama, mmea au mkoba wa mtu. Nitawaeleza ulivyofika kwetu, kando ya maji yasiyo na papa hata mmoja, na kwa nini msimu mzima wa mvua nilikuwa mtoto wa miaka minane anayeamini kwamba ameua.

Lakini kwanza jina langu. Baba, fundi cherehani wa sokoni, mtoto wa Waswahili wa mjini, aliniita Zaituni. Jina hilo lilikaa kwenye karatasi za shule na madrasa, likaishia hapo. Mama ni Mrundi wa Minago, na kwa Warundi mapacha hawachaguliwi majina. Anayetangulia kutoka ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi, wawe wasichana au wavulana, upende usipende. Mimi ni Bukuru. Sasa fikirini maisha ya Bukuru anayetembea peke yake. Kila mtu mzima aliyenisalimia alitazama nyuma yangu kumtafuta mwenzangu. "Amahoro, Bukuru. Butoyi iko wapi?" Mama alijibu kwa haraka, "Alitangulia," mtu akainamisha kichwa, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya ndagala.

Kwa kina mama huko Minago, pacha hapewi kitu kimoja. Ukimpa huyu ndizi, na yule umpe ndizi, la sivyo unamkosea yule na nyumba haina heri. Mama hakuona sababu ya kuacha desturi hiyo eti kwa kuwa mmoja hayupo. Kila siku ya maisha yangu alitenga mafungu mawili: mandazi mawili, mihogo miwili, samaki wawili. "Hii ya kwako. Hii ya Butoyi." Halafu kimya kidogo, kana kwamba anasubiri mtu anawe mikono. Halafu angeniambia, "Haya, mukulie."

Nami nilimlia! Nilimlia kwa moyo mkunjufu. Nilimpenda Butoyi kama mtu anavyompenda jamaa wa mbali anayetuma zawadi na hatembelei. Watoto wa jirani walinionea wivu, na mmoja aliwahi kumwuliza mama yake kwa nini yeye hakuzaliwa na mtu wa kufa. Alipigwa kofi, nami nikaenda kumalizia andazi la pili nyuma ya nyumba.

Jambo moja lingine mlijue. Mama alikuwa akikausha na kuuza ndagala, shughuli zake zote za samaki, na samaki hali. Si mukeke, ambao Kigoma huitwa migebuka, si ndagala, si mchuzi wake. Alisema harufu ya kutwa nzima inamtosha kushiba. Sikuwahi kulifikiria hilo. Mtoto hachunguzi mambo aliyoyakuta.

Wakati mwingine alinichukua mwaloni, mitumbwi inapotia nanga asubuhi, na wavuvi wakileta samaki wadogo wa mawemawe alinionyesha jambo ambalo hata leo nikilikumbuka nafurahi. Aliminya taratibu shavu la samaki jike, kinywa kikafunguka, na ndani mkawa na vitoto vimejazana, macho matupu. Samaki yule huwabeba wanawe kinywani, alinieleza mama, mayai kwanza, kisha watoto, hata wakishajua kuogelea wakiona hatari hurudi mbio ndani ya kinywa. Nikamwuliza, hawamezi kwa bahati mbaya? Mama akasema, "Hapana. Siku zile zote yeye hakulaga kitu. Mupaka awateme." Basi nikakua nikijua kwamba hivyo ndivyo uzazi wa samaki ulivyo duniani kote, na kwamba mama ni yule anayefunga mdomo.

Mwaka ule mvua zilipoanza, shangazi Mwanaidi akaja. Huyu ni dada yake baba, aliyeolewa Tanga na mwanamume mwenye biashara ya samaki wa baharini. Alikuja kwa mabasi hadi Kigoma, akavuka mpaka, akapanda tena gari Nyanza-Lac, akashuka mbele ya nyumba yetu na mizigo mitano na sauti ya watu kumi. Shangazi alikuwa mtu wa kicheko. Ulimi hauna mfupa, husema wazee, na wake haukuwa na hata mshipa wa kuushikilia. Tulimpenda sana. Alimletea mama kanga, baba kofia, akatandaza papa mkavu aliyejaza nyumba harufu hata paka wa jirani wakahamia kwetu. Mimi akanipa mfuko huu.

"Nani alikuwa ndani?" nilimwuliza.

"Mtoto wa papa. Kashatoka, kenda zake."

Akanieleza, mbele ya wote, tukiwa mkekani tukila bugali na mukeke wa mawese. Papa wa mfuko huo ni mpole, chakula chake konokono na kaa. Jike hutaga kifuko kimoja kimoja, nyuzi zile hunasa kwenye miamba na majani ya chini, kisha mama huondoka. Haangalii nyuma. Mtoto hukaa humo peke yake miezi kadhaa akinyonya kiini, na siku ya kutoka ana mistari mwili mzima. Akikua mistari hukatikakatika ikawa madoa, hata ukiwaweka pamoja mkubwa na mdogo hutaamini ni ukoo mmoja. Nilisikiliza huku nikisikitika. Mama asiyebeba mtu kinywani! Nilitazama ndani ya mwanya, giza tupu.

"Lakini huyu bado afadhali," shangazi akaendelea, na macho yake yakaanza kucheka kabla ya mdomo. "Wapo wasiotaga, wanaozaa kama sisi. Na wapo wengine, Mungu atuepushe, watoto wanaota meno wakiwa bado tumboni. Yule aliyetangulia kukua huwala wenzake. Humohumo! Mmoja mmoja, mpaka anabaki peke yake, amenona. Mume wangu alipasua jike wa aina hiyo, akatia mkono, mtoto akamng'ata kidole. Alama anayo mpaka leo."

Baba alisema, "Laa ilaha!" Mimi wakati huo nilikuwa nimeshamaliza samaki wangu, nimevuta fungu la Butoyi, naanza kichwani kama kawaida yangu. Shangazi akaniona. Akapiga kofi pajani.

"Wifi! Kumbe Butoyi tusimtafute mbali. Papa wetu huyu hapa! Alimmaliza tumboni, na sasa anammalizia mafungu yake."

Baba alicheka mpaka akapaliwa. Mimi pia nilicheka, kwa kuwa mtoto akitajwa na wakubwa hucheka kwanza. Halafu nikamtazama mama. Mama hakucheka. Alichukua birika la kunawia, akasema maji yamekwisha, akatoka nalo uani. Birika lilikuwa limejaa. Nililisikia lilivyomwagika kidogo mlangoni.

Nikaacha kutafuna. Mfupa ulikuwa mdomoni na sikujua niuteme wapi.

Wasomaji wangu, mzaha ungekuwa mzaha kama mama angecheka. Kutocheka kwake ndiko kulikoniambia kwamba ni kweli. Nilijua sheria za nyumbani: mambo ya uongo yalichekwa, ya kweli yalinyamaziwa. Na suala la Butoyi, tangu nizaliwe, lilinyamaziwa.

Kuanzia hapo nikaanza kujikusanyia ushahidi, na ajabu ni jinsi ulivyokuwa tele. Mimi ndiye niliyetangulia kutoka. Jina langu lenyewe lilisema. Niliota meno mapema kuliko watoto wote wa mtaa wetu, na bibi wa Minago alipenda kujisifia jambo hilo kwa wageni. Nilikuwa mlaji. Na mama, nikila fungu la pili, alikuwa na tabia ya kunitazama mdomo. Miaka yote nilidhani ni mapenzi. Sasa nikaelewa kwamba anayekutazama mdomo anakumbuka ulichokula.

Zaidi ya hayo kulikuwa na ile kanga. Shangazi aliichagua kwa rangi yake, buluu na njano, nadhani hata hakuyasoma maneno. Mama aliivaa karibu kila siku kwa heshima ya wifi yake. Na kila alipoinama kuchochea moto, maandishi yalinijia usoni: Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa darasa la tatu, nimejua kusoma juzi tu. Laiti ningekuwa sijajua.

Nilichukua kioo cha baba cha kunyolea nikakagua meno yangu moja moja. Mawili ya pembeni yalichongoka. Usiku sikuweza kulalia tumbo. Nikamwuliza maalimu wa madrasa kama mtoto aliye tumboni anaweza kuandikiwa dhambi. Akasema hapana, mtoto haandikiwi mpaka abaleghe. Nikashusha pumzi. Lakini papo hapo akavua miwani, akaniuliza, "Kwani kuna nini?" na pumzi ikarudi ilikotoka. Kama hakuna dhambi, mbona anauliza?

Shangazi alikaa majuma mawili, akaenda zake akiwa amenibusu mashavu yote na kuniambia nikue haraka aje kuniposea. Hakujua alichoniachia. Machozi ya samaki huenda na maji, na yangu yalikwenda hivyohivyo. Wiki zile mvua ilikuwa ikinyesha, kila uso ulikuwa umelowa.

Uamuzi wangu ulikuwa rahisi. Nilichokula nikirudishe. Mama akinipa mafungu mawili, la kwangu nililila nusu, na la Butoyi nililisindilia ndani ya mfuko wa papa: minofu ya mukeke, bonge la bugali, ndagala waliokaangwa. Niliuchagua mfuko kwa sababu ndiyo nyumba pekee ya mtoto ambaye hajazaliwa niliyowahi kuishika mkononi. Ukilowa ulilegea, ukawa laini kama ngozi ya mtu. Nilimwambia Butoyi kwa sauti ya chini kwamba fungu la leo ni lake kweli, sikuligusa. Asubuhi kabla ya shule nilipitia mwaloni, mahali penye mawe mbali na wanawake, nikaumwaga ziwani. Samaki wadogo walikuja mbio. Nilihesabu hiyo kuwa dalili njema.

Lakini deni la miaka minane halilipwi kwa nusu sahani. Nikaanza kukata na fungu langu. Nikabakiza robo. Siku nyingine nikabakiza chai.

Aliyegundua kwanza ni baba, kwa futi yake. Idi ilikuwa inakaribia na alikuwa akinishonea gauni. Akanipima kifua, akatazama kwenye daftari alilokuwa ameandika vipimo vya mwanzo wa mwaka, akanipima tena. Akanigeuza kama nguo inayotafutwa upande wake wa mbele.

"Mama Bukuru," aliita, "kuja uone. Watoto wa watu wanaongezeka, huyu wetu anarudi nyuma."

Mama alikuja akifuta mikono. Alishika futi yeye mwenyewe, akaizungusha kifuani kwangu, akaisoma namba mara mbili. Jioni ile nilinyweshwa dawa ya majani ya mubirizi, chungu isiyo na mfano. Kesho yake tukaenda zahanati, nikachomwa kidole, wakasema malaria hakuna, mtoto alishwe. Basi mama akaongeza fungu langu. Na kwa kuwa pacha hapewi kitu kwa upendeleo, akaongeza na la Butoyi. Mfuko wa papa ukawa haufungi. Nilikuwa natembea kwenda ziwani nimeukumbatia chini ya sare ya kaki, mafuta ya mawese yakinichuruzikia tumboni, nikipita njia za nyuma nisionwe.

Nilikuwa nikimwona mama anavyonitazama siku hizo. Alikuwa akija kunigusa shingo nikiwa nimelala, kusikia kama napumua. Nilidhani ananichunga nisile mtu mwingine.

Siku nilipokamatwa, mvua ilikuwa imepumzika na jua la asubuhi lilikuwa kali. Sikujua kwamba wanawake wamehamia upande wa mawe kutafuta mchanga mkavu wa kuanikia. Nilichuchumaa majini, nikaugeuza mfuko, nikautikisa. "Butoyi, kula," nilisema. "Nisamehe. Leo nimekuletea na kichwa."

Nyuma yangu beseni lilianguka. Niligeuka. Mama alikuwa amesimama na kanga ile ya buluu, na ndagala wabichi wamemwagika miguuni pake, wanang'aa. Kwa mwuza ndagala hilo ni jambo la kupiga yowe. Mama hakuwatazama.

"Bukuru. Iko nini hiyo unafanya?"

Nilijaribu kuuficha mfuko mgongoni. Samaki walikuwa bado wanagombania bugali mbele ya macho yake.

"Sema kweli, mutoto wangu. Nani amekutuma? Nani anakwambia uwachage kula?"

Aliogopa, sasa naelewa, kwamba kuna mtu mbaya ameniingilia. Mimi nilijua tu kwamba siku imefika. Nikasema yote kwa pumzi moja, nikilia, kwamba nilimla Butoyi, sikukusudia, nilikuwa bado sijazaliwa, sikujua ni mtu, na kwamba narudisha, bado kidogo tu nitamaliza kurudisha.

Mama alikaa chini. Hakuchagua mahali, alikaa juu ya ndagala wake.

"Mana yanje," alimwita Mungu wake kwa Kirundi. "Mana yanje, Bukuru. Nani alikwambia vile?"

"Shangazi. Na weye haukuchekaka."

Alifunika mdomo kwa kiganja. Kisha akanivuta, akaniweka mapajani na uzee wangu wa miaka minane, na kwa mara ya kwanza nikasikia habari za ndugu yangu.

"Sikiliza. Ulizaliwa Minago, kwa bibi yako, mvua imekata njia. Weye ulitoka kwanza, mudogo, mwekundu, kama ndagala hii." Aliokota mmoja akanionyesha. "Bibi alikushika na mukono mumoja. Butoyi akatoka nyuma. Alikuwa kijana mwanaume. Mukubwa! Mukeke muzima. Iko na nywele, iko na kucha, mwili umejaa, hakuna kitu kilipunguka, hata kidole. Kamba ya kitovu njo ilimufunga shingo. Hakulia." Akamlaza yule ndagala mchangani. "Kama mwenye kula aliingiaga mule ndani, basi Butoyi njo alikula. Weye ungemukula na nini? Haukuwa hata na nguvu ya kunyonya."

Nililia upya, lakini kilio kilikuwa kimegeuka. Nilitaka kuhakikisha. Nikamwuliza kama kweli alikuwa mkubwa kuliko mimi. Akaapa. Nikamwuliza kama alikuwa na vidole vyote. Akaapa tena. Nikacheka katikati ya makamasi, na mama naye akacheka, kicheko kidogo kilichokatika.

"Weye haukuua mutu," alisema. "Weye hapana. Kama kuna mutu..."

Akalitazama beseni lake lililokuwa limelala ubavu mchangani. Hakumaliza. Akaanza kuokota ndagala.

Nami nilimsaidia kuokota, mwepesi kama unyoya, nikiimba. Mchana ule nilikula samaki wangu, kisha nikasita mbele ya wa Butoyi. Sikuwa na hofu tena, ila nilimwona mama amekaa mbele ya maharage yake na nikataka kumpa mtu kitu kwa furaha niliyokuwa nayo. Nikamsogezea samaki. "Butoyi anasema ule weye." Mama alichuna mnofu mdogo, akautia mdomoni. Alikaa nao. Hakutafuna, hakumeza. Mashavu yalikuwa yamejaa kidogo na macho yameelekea mlangoni. Kisha akasimama, akatoka uani, na aliporudi akasema, "Kula tu, mama yangu. Miye nimeshiba." Nikala. Sikujiuliza lolote. Nilikuwa nimepona, na mtoto aliyepona hamwulizi mwenzake hali.

Miaka ikapita, nikasomea ukunga. Wakati wa masomo niliwahi kutafuta habari za wale papa wanaolana tumboni, kwa kuwa kisa kile kilikuwa bado kinaniwasha. Nikakuta shangazi hakusema uongo. Mkubwa huwala wenzake kweli. Ila hakujua kwamba jike yule ana mifuko miwili ya uzazi, huku na huku, na kila mmoja hubakiza mtoto mmoja. Kwa hiyo wanaotoka wakiwa hai ni wawili. Nilicheka peke yangu. Hata papa mla nduguze ana Bukuru na Butoyi. Nusu ile ya habari ingenifaa sana mwaka ule wa mvua.

Nilipoanza kazi nilimtembelea mama siku ya mapumziko. Alikuwa amenichomea mukeke, wawili, sahani moja. Baba alikuwa sokoni. Nikala wa kwangu, tukaongea habari za jirani na za paa linalovuja, na mama akawa anapangusa meza isiyo na kitu.

"Weye sasa njo mukunga," alisema.

"Ego, mama," niliitikia.

"Kuko mwanamuke mumoja." Aliendelea kupangusa. "Haumujui. Zamani. Alikuwa na mimba kubwa, mapacha. Akakuwa anakausha ndagala. Mvua ikakuja. Wenziwe wakamwambia, wacha, zioze. Ye akakatala. Akabeba beseni imejaa, akaiweka juu ya kichwa, akakimbia nayo. Magaribi uchungu ukamushika. Mumoja akakufa." Kitambaa kikasimama. "Sasa yule mwanamuke anauliza. Ile beseni. Inaweza kuvuta kamba ya mutoto mule ndani?"

Sikumtazama usoni. Nilitazama samaki wa Butoyi, jicho lake jeupe lililoiva. Nilikuwa nikiona mambo mengi kwa mara moja: beseni ubavuni mchangani, birika lililojaa likipelekwa kujazwa, miaka yote ya harufu inayotosha kushiba. Nilipokuwa mtoto nilidhani nyumbani kwetu kuna mwenye hatia mmoja. Tulikuwa wawili, tumekaa mkeka mmoja, kila mmoja akimficha mwenzake.

Nikajibu kama mkunga, kwa sauti ile tunayotumia kazini, kwa sababu ndiyo iliyokuwa imeombwa. Nikasema hapana. Beseni halivuti kamba. Kamba hujizungusha mtoto akicheza, na watoto wakiwa wawili nafasi ni ndogo, tena mapacha huwahi kuzaliwa wenyewe, mama awe amebeba beseni au amelala kitandani. Nikasema nimewaona wanawake waliolala miezi wakapatwa na hayohayo. Nikasema yule mwanamke hakufanya kosa.

"Kweli?"

"Wallahi, mama."

Alikunja kitambaa mara mbili, mara nne, akakiweka pembeni.

"Murakoze," alishukuru. "Basi nitamwambia."

Nje wanawake walikuwa wanapita na mabeseni, wanaitana. Kisha mama akanyoosha mkono, akavuta sahani, akamgeuza samaki wa Butoyi ampate vizuri. Akaanza kichwani, kama mimi. Alikula bila haraka, akitoa miiba na kuipanga ukingoni, akameza, akakata tena.

Mimi nikamsogezea chumvi.